Fanksheni Inarudisha Nini Pasipokuwa na Kitu

Katika programu nyingi za afya kuna mstari wa maelezo unaofanana na huu, juu ya fanksheni inayosoma hesabu: @return idadi ya wagonjwa. Umekaa mahali pake, umefuata kanuni, na chombo cha kukagua mtindo wa msimbo kinaupitisha bila onyo. Anayeusoma kwa haraka anaridhika. Mimi mstari huo hunikosesha raha, na sababu yake ni rahisi kuieleza nikianzia Mubambiro.

Mubambiro ipo kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Goma na Sake, jirani kabisa na Sake, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo. Upande mmoja ni Ziwa Kivu, na ardhi ya huko ni mawe meusi ya volkano. Mlipuko wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940 ulimwaga lava yake hadi ziwani upande huo wa Sake. Wengi walio mbali na Kivu wamelisikia jina la Mubambiro katika habari za kijeshi tu: kambi ya Umoja wa Mataifa, kisha wanajeshi wa SADC walioanza kuwasili Desemba 2023. Februari 2024 mapigano yalipoisogelea Sake, makumi ya maelfu ya watu walishika barabara hiyo kuelekea Goma na magodoro vichwani. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Sake, na siku chache baadaye wakaichukua Goma.

Katikati ya mambo hayo makubwa kuna kazi ndogo ya kila wiki, nayo ni kuhesabu wagonjwa. Kandokando ya Ziwa Kivu kolera ni ugonjwa wa kila mwaka, na watu wakihama kwa wingi wakawa wanachota maji popote wanapoyakuta, hatari hupanda. Kituo cha afya hupeleka hesabu yake ya wiki kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya. Kwa Sake na vijiji vyake zoni hiyo ni Kirotshe. Zoni hupeleka mkoani, mkoa hupeleka Kinshasa. Na katika kanuni za ufuatiliaji wa magonjwa kuna moja ambayo sisi watu wa programu tungepaswa kuibandika ukutani: kituo ambacho hakikupata mgonjwa hata mmoja nacho lazima kipeleke ripoti, na kiandike sifuri. Ndiyo maana watu wa zoni, kabla hawajazitazama hesabu zenyewe, hutazama kwanza ni vituo vingapi vimeripoti na vingapi vimewahi.

Tuseme kituo kimoja cha upande huo kimeacha wazi kisanduku cha kolera, wiki ileile watu wanapohama. Mtu wa data pale zoni anapiga simu.

— Mama Muganga, kwenye kolera umeacha wazi.

— Hakuna, Papa.

— Hakuna wagonjwa, ao hakuna aliyehesabu?

Mama Muganga anaweza kuwa na majibu matatu. Huenda amekaa kituoni wiki nzima na hakuna aliyeletwa na kuhara kwa namna hiyo. Huenda kituo kilifungwa tangu Jumatatu na wauguzi wenzake wamekimbia na familia zao. Huenda amehesabu, wapo tisa, karatasi amempa motari, yaani mwendesha pikipiki, naye hajafika. Yote matatu yanaacha kisanduku kilekile kikiwa kitupu. La kwanza ni habari njema. La pili linataka timu ipelekwe. La tatu ni mlipuko wa ugonjwa.

Sasa kiingize kisanduku hicho kwenye programu. Kuna fanksheni inayopewa kituo, ugonjwa na wiki, nayo inarudisha namba. Aliyeiandika alikutana na patupu, akataka programu isikatike mbele ya bosi wake, akaamua kwamba pasipo na kitu irudi sifuri. Kwa SQL ni neno moja tu, COALESCE, na sifuri pembeni yake. Hakuwa na nia mbaya. Hata lugha yenyewe haina msimamo mmoja hapo: mistari isiyokuwepo ukiihesabu kwa COUNT unapata 0, ukiijumlisha kwa SUM unapata NULL. Kisha juu ya fanksheni yake akaandika: @return idadi ya wagonjwa. Mwenzake aliyepewa kazi ya kuchora grafu anaiita fanksheni hiyo kwa kila kituo. Mstari wa kituo kile unashuka hadi chini kabisa katika siku zilezile watu walizokuwa wakikimbia, na kwenye ramani kituo kinapata rangi ya kijani. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Kimya kimegeuzwa kuwa sifuri, na mahali pekee ambapo mchora grafu angeonywa palikuwa ni ule mstari wa @return, ambao haukumwambia kitu.

Waliotutangulia walilijua hili. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, una tarehe 3 Novemba 1971, na kurasa za mwongozo zilizotokana na desturi hiyo hadi leo zina sehemu yake maalumu ya thamani inayorudishwa. Soma ukurasa wa read, ule wito wa mfumo unaosoma faili. Unaambiwa kwamba inarudi idadi ya baiti zilizosomwa. Kwamba ikirudi 0, faili limefika mwisho. Kwamba ikirudi -1, kuna hitilafu na sababu yake imewekwa kwenye errno. Kisha unaambiwa jambo ambalo mwandishi mvivu angeliruka: kupata baiti chache kuliko ulizoomba si kosa. Katika sentensi chache, mwisho, kushindwa na upungufu vimetenganishwa, kila kimoja na alama yake. Ile -1 yenyewe inahitaji kutajwa kwa sauti. Katika Python, find isipokuta neno ndani ya maandishi hurudisha -1, na -1 katika Python pia ni nafasi ya herufi ya mwisho. Asiyesoma maelezo anaichukua, anaitumia kama nafasi, na anapata herufi ya mwisho bila onyo lolote.

Baada ya hapo mitindo ikawa mingi. Javadoc ilikuja na Java katikati ya miaka ya 1990. @return yake hukaa baada ya @param na kabla ya @throws, na mwongozo unataka iandikwe kwa kila fanksheni inayorudisha kitu, hata kama maelezo ya juu yameshasema hivyohivyo. Doxygen ya Dimitri van Heesch, iliyoanza 1997, ina \return na pembeni yake \retval, ambayo hutaja thamani moja moja na maana yake. Kwa Python, PEP 257 ya 2001, ya David Goodger na Guido van Rossum, inataka maelezo yaandikwe kwa kuamuru, yaani rudisha kitu fulani, wakati mwongozo wa Javadoc unapendelea kueleza, yaani hurudisha kitu fulani. NumPy huweka kichwa cha Returns na kukipigia vistari chini, aina ya thamani ikitangulia maelezo yake. Google hutumia kichwa hichohicho na nukta pacha. Go haina alama yoyote, ni sentensi kamili inayoanza kwa jina la fanksheni.

Watu huweza kubishana mchana kutwa juu ya kuamuru au kueleza, nukta mwishoni au bila nukta. Ushauri wangu kwa timu ni mfupi: chagueni mtindo mmoja, mfuate huohuo kwenye faili zote, mrudi kazini. Lakini kati ya alama zote hizo ninaipenda \retval kuliko nyingine, kwa sababu inamlazimisha mwandishi kuyahesabu majibu yote yanayoweza kutoka. @return peke yake inamruhusu ataje jibu la siku njema, aondoke.

Hapa Afrika Mashariki kuna waliolitatua jambo hili kwa namna inayostahili kusomwa na kila anayeandika programu. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulizaliwa 2004 baada ya Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, kwenda Eldoret kusaidia kumbukumbu za mpango wa AMPATH, uliokuwa ukiwatibu watu wenye VVU kwa idadi iliyokuwa ikipanda haraka. Umeandikwa kwa Java, na KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Ndani ya msimbo wake, chini ya @return ya kawaida, waliongeza alama yao wenyewe, @should. Chukua PatientService na ndani yake getPatient, fanksheni inayomtafuta mgonjwa kwa namba yake ya ndani ya mfumo. Baada ya @return kulikuwa na mistari miwili ya @should. Mmoja ulisema imlete mgonjwa mwenye namba iliyopewa. Mwingine ulisema irudishe null ikiwa namba hiyo haipo. Upande wa pili wa mradi, kwenye faili la majaribio, kila mstari wa @should ulikusudiwa kuwa na jaribio lake, na jina la jaribio lilijengwa kwa maneno yaleyale ya mstari.

Fikiria maana yake kwa karani wa kliniki ya Eldoret. Mtu asiyeonekana kwenye mfumo anaweza kuwa mgeni wa leo. Anaweza pia kuwa mgonjwa wa miaka mingi ambaye namba yake imekosewa tarakimu moja. Programu ikichukulia kila null kuwa mgeni na kumfungulia faili jipya, mtu mmoja anakuwa na mafaili mawili, vipimo vyake vya zamani kwenye moja na dawa zake za sasa kwenye lingine. Ule mstari mmoja wa @should ulimwambia mwandishi wa skrini ya usajili kwamba patupu patamfika, ajiandae. Na kwa kuwa ulifungwa kwenye jaribio, hakuna mtu angeweza kuibadili tabia ya fanksheni kimyakimya huku maelezo yakiendelea kusema ya zamani; jaribio lingeanguka, na mradi mzima ungejua. Baadaye alama hiyo iliandikwa upya kuwa neno la kawaida lenye herufi nzito, lakini desturi ya kutaja tabia moja moja ikabaki. Kwangu hii ni kazi ya heshima kubwa, na inanisikitisha kwamba vijana wengi wa ukanda huu hujifunza kuandika maelezo ya msimbo kutoka mbali ilhali somo hilo limo ndani ya programu inayotumika kwenye hospitali za nyumbani kwao.

DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumiwa na Kongo kwenye mfumo wake wa taifa wa habari za afya, SNIS, ina desturi tofauti. Kwa kawaida haihifadhi sifuri. Msimamizi ndiye anayepaswa kuchagua, kwa kila kipengele cha data, kwamba sifuri zake zihifadhiwe. Uamuzi huo una sababu ya haki: fomu za afya zina visanduku vingi mno, vingi vyake ni sifuri, na kuzihifadhi zote kunaijaza hifadhidata bure. Siupingi. Ila anayeandika programu ya kuchukua data kutoka huko, akikuta patupu, lazima awe ameambiwa kama kwa kipengele hicho sifuri huwekwa au hutupwa. Pa kumwambia ni kwenye @return ya fanksheni inayoileta data hiyo. Akiambiwa kwenye kitabu cha mafunzo cha kurasa mia mbili, hajaambiwa.

Maelezo ya jibu yaliyo bora kuliko yote ninayoyajua hayamo kwenye msimbo kabisa. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ikiwa imeua watu 2,287, sampuli zilipimwa kwa mashine za GeneXpert, aina ileile inayotumika kupima kifua kikuu. Katriji inaingia, mashine inafanya kazi yake, na kwenye skrini hutoka jibu. Ndiyo na hapana zimo, bila shaka. Lakini mashine inaweza pia kusema kwamba kipimo ni batili: kidhibiti cha ndani hakikufaulu, kwa hiyo hata kama virusi havikuonekana, kutoonekana huko hakuaminiki. Inaweza kusema kuna hitilafu: ilijikagua, ikakuta kasoro, ikasimamisha kipimo. Inaweza kusema hakuna jibu: data haikutosha, kwa mfano umeme umekatika kipimo kikiwa katikati, jambo ambalo mtu wa Goma au Beni hahitaji kuelezwa. Mwongozo unayataja majibu hayo moja moja, kila moja na sababu zake na hatua inayofuata, ambayo ni kurudia kipimo kwa katriji mpya. Mhandisi mwenye haraka angeweza kuyafunga yote matatu ndani ya hapana moja, kwa kuwa katika yote matatu virusi havikuthibitishwa. Mgonjwa angerudishwa nyumbani kwa watoto wake.

Na hiyo hapana nayo ilikuwa na sharti. Sampuli ikichukuliwa kabla ya saa 72 kupita tangu dalili zianze, ikatoka hapana, mgonjwa haachiliwi. Anapimwa tena baada ya saa hizo kupita, kwa sababu mwanzoni virusi vinaweza kuwa vichache mno damuni. Mashine ni ileile, neno kwenye skrini ni lilelile, na maana yake inategemea siku sampuli ilipochukuliwa. Kwa upande wa msimbo ni hivyohivyo: kuna majibu ambayo maana yake haikamiliki mpaka ujue kilichoingizwa, na @return isiyotaja sharti hilo imeandikwa nusu.

Wapo wanaosema maelezo ya namna hii yamepitwa na wakati, aina za data zenyewe ziseme. Java 8 ya 2014 ilileta Optional. Rust ina Option na Result. Katika Python, tangu ilipopata PEP 484, unaweza kutamka wazi kwamba fanksheni hurudisha int au None. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Aina inayosema huenda pasiwe na kitu inamlazimisha mpokeaji aangalie kabla ya kutumia, na kinga hiyo inashinda sentensi yoyote. Lakini aina inasema tu kwamba patupu panawezekana. Haisemi pametokana na nini. None ya kituo kilichofungwa na None ya karatasi iliyoko njiani ni kitu kimoja mbele ya kompyuta. Wala int haisemi kama namba ni ya wiki au ya mwezi, ya watu au ya mahudhurio, na mtu mmoja aweza kuhudhuria mara tatu.

Upande huo wa vipimo una msiba wake unaojulikana dunia nzima. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mars kwa sababu programu moja iliyokuwa huku duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi-sekunde, ilhali wapokeaji walizisoma kama nyutoni-sekunde, tofauti ya karibu mara nne na nusu. Hati ya makubaliano kati ya programu hizo ilitaja nyutoni-sekunde, kwa usahihi kabisa. Msimbo haukuifuata. Ndiyo sababu siamini maelezo yanayosimama peke yake, hata yakiandikwa kwa ustadi gani, na ndiyo sababu ule utaratibu wa OpenMRS, wa sentensi moja na jaribio lake, nauweka juu ya mitindo yote ya alama na vistari.

Ule mstari wa mwanzo ningeuandika hivi:

/**
 * Hurudisha idadi ya wagonjwa wapya wa kolera walioripotiwa na kituo kwa wiki moja.
 *
 * @return idadi ya watu, si ya mahudhurio;
 *         0 ikiwa kituo kimeripoti na hakikupata mgonjwa;
 *         null ikiwa ripoti ya wiki hiyo haijafika
 * @throws HifadhidataException ikiwa hifadhidata haikusomeka
 */

Kipimo kimetajwa. Sifuri ina sharti lake, kimya kina lake, na kushindwa kwa mashine kumewekwa nje, kwenye @throws, kusichanganyike na habari za wagonjwa. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Majina ya fanksheni na yabaki katika lugha ambayo timu imekubaliana, Kifaransa au Kiingereza. Ila sharti la patupu liandikwe kwa lugha ambayo mtu atakayelitegemea hahitaji kulisoma mara mbili, na kwa timu za Goma, Bukavu, Kigoma au Eldoret lugha hiyo mara nyingi ndiyo hii tunayosoma sasa.

Bado kuna swali ambalo mstari wangu haujibu: kama kituo kilikuwa wazi siku tatu kati ya saba, tisa yake ni tisa ya namna gani? Nimejaribu kuongeza sharti la nne na sentensi ikawa ndefu isiyobebeka. Kasoro hapo imo kwenye fanksheni. Namba moja haitoshi. Inafaa irudishe idadi pamoja na siku zilizohesabiwa, na mwenye kuchora ramani aamue rangi akiwa na vyote viwili mkononi. Maelezo ya @return yakigoma kuandikika kwa sentensi mbili, nirudi kwenye msimbo, nisihangaike na maneno.

Ndugu unayeandika programu za afya, za misaada, za shule au za ushuru, nakuomba ufanye kazi moja wiki hii. Tafuta kila fanksheni yako inayoweza kurudisha 0, null, -1 au orodha tupu. Kwenye @return yake andika kila moja hutokea lini, kisha andika jaribio la kila sentensi uliyoongeza. Anza na zile zinazohesabu wagonjwa.